Mtoto Niliyemfuta Katika Hesabu ya Ukoma

Vijana wangu mnaokaa mbele ya kompyuta katika ofisi za afya, nitaanza kwa kujisifu, kwa kuwa nimestaafu na hakuna mkubwa anayeweza kunihamisha tena. Mimi Nkatha, binti wa wakulima wa viazi wa Kibirichia, ndiye niliyetengeneza hesabu iliyotuonyesha ni katika nyumba za aina gani ukoma unapita upande huu wetu wa Meru na Embu. Hesabu hiyo iliwasaidia manesi kuwapata watoto kabla vidole vyao havijapinda. Nasema hivyo bila haya. Kila siku nasikia watu wakijisifu kwa ploti walizonunua, basi na mimi niacheni nijisifu kwa vidole vya watoto.

Lakini hesabu hiyo ilitokana na kosa, na kosa lilikuwa langu. Nitawaeleza lote, hata pale ninapoonekana mjinga, maana msipoambiwa mtalirudia.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Ukoma ni ugonjwa wa polepole. Mtu huupata kwa kukaa karibu, kwa muda mrefu, na mgonjwa ambaye hajatibiwa. Kisha anaweza kumaliza miaka mitano au zaidi bila dalili yoyote. Akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi mtu tena, na akizimaliza amepona. Sasa wewe uliye ofisini unawaona wachache tu, wale waliofika kliniki. Wale ambao ugonjwa umejificha ndani yao huwaoni. Modeli ya hesabu ni njia ya kuwakisia usiowaona kwa kuwatumia unaowaona.

Mama yangu aliponiuliza ninafanya kazi gani huko Embu, nilimpeleka kwenye stoo yetu ya viazi, waru kwa lugha ya kwetu. Nikapanga marundo. Hapa viazi vizima, hapa vile vinavyoonekana vizima lakini uozo umeshaingia, hapa vilivyooza wazi. Nikamwambia kazi yangu ni kuuliza kila mwezi ni vingapi vinatoka rundo hili kwenda lile, na kwa nini.

Mama akanitazama. "Kwa hivyo serikali inakulipa kuchagua waru?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikikuita uje unichagulie hapa nyumbani, unasema umechoka."

Nikainama, nikamchagulia rundo moja. Ila mkitaka kujua kama mmeielewa modeli yenu, jaribuni kumweleza mama yenu katika stoo ya viazi. Akicheka, mmefaulu.

Aliyenifunza kazi hakuwa mtu wa hesabu. Alikuwa muuguzi wa ukoma na kifua kikuu, Mwembu wa Runyenjes, jina lake Njeru. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na katika mfuko wa shati alibeba pamba kidogo iliyofungwa kwa karatasi. Pamba hiyo ndiyo ilikuwa maabara yake. Alikuwa anamwambia mgonjwa afumbe macho, anamgusa kwa ncha ya pamba, halafu mgonjwa anaonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Mahali ambapo mtu haonyeshi kitu, hapo ngozi imekufa ganzi, na Njeru aliandika.

Aliniita "Mwalimu wa Hesabu," na hakuniita hivyo kwa heshima. Modeli yangu ya kwanza niliichapisha kwa rangi nikampelekea mezani kwake, nimejaa maringo. Ilionyesha kwamba baada ya miaka kadhaa sehemu moja ya Mbeere ingebaki na wagonjwa sifuri nukta nne. Njeru alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Mwalimu, huyu mtu ambaye hajafika hata nusu anaishi wapi, nimpelekee dawa?"

Ofisi nzima ilicheka wiki mbili. Kila nikipita mlangoni, mtu ananiuliza kama nimemwona nusu mtu. Nilikasirika, nami nikikasirika sisemi, nafanya kazi. Nilijifunza njia nyingine, ile ambayo kompyuta inahesabu mtu mmoja mmoja, inarusha kete kwa kila mmoja kama ataugua au hataugua, na inarudia hivyo mara maelfu. Humo hakuna nukta nne. Kuna mtu, au hakuna. Pale ugonjwa unapokaribia kuisha, tumieni njia hiyo, kwa sababu wagonjwa watatu si mstari, ni watu watatu wenye majina.

Njeru pia alinilazimisha kwenda naye kliniki. Kuna mambo niliyoyapata huko ambayo hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Baka la ukoma liangalie kwa mwanga wa dirishani, si wa balbu. Usimwulize mtu kama anaumwa, maana baka haliumi, na atakujibu hapana kwa ukweli kabisa. Mwulize mama kama kuna mtoto anayeshika sufuria ya moto bila kulia. Na mtu akikuambia anatoka mahali fulani, mwulize usiku huwa analala wapi, na nani mwingine analala hapo.

Hilo la mwisho nililiandika kwenye daftari langu, nikalisahau. Laiti ningelikumbuka mapema.

Sasa nije kwenye kosa.

Rejista za kliniki wakati huo ziliandikwa kwa mkono, kisha karani wetu mmoja pale ofisini anazipiga kwenye kompyuta. Karani huyo alikuwa mwepesi wa vidole na mzito wa macho. Alikuwa na mazoea ya kumeza sifuri. Mgonjwa wa miaka sitini anakuwa wa sita, wa arobaini anakuwa wa nne. Mimi nilikuwa nimezoea kumfuata nyuma nikirudisha sifuri zake, na nilijiona fundi.

Tena nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo Nairobi, ambako tulifundishwa kusafisha data. Jina likitokea mara mbili katika kijiji kimoja, tuliambiwa, huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Mfute mmoja. Nilirudi Embu nimeshika sheria hiyo kwa mikono miwili.

Basi siku moja nikakuta Kirimi Mwiti wa Mikinduri, miaka sabini, aliyemaliza dawa mwaka uliotangulia. Na chini yake Kirimi Mwiti wa Mikinduri, miaka saba, ameandikwa mwaka huu. Nikatabasamu. Nikasema, karani amemeza tena. Nikarudisha sifuri, saba ikawa sabini. Sasa nikawa na wazee wawili wa jina moja, kijiji kimoja, umri mmoja. Nikamfuta mmoja. Kazi yote haikumaliza dakika moja.

Wewe kijana usiyetoka huku pengine hujaona bado. Lakini wewe Mmeru, wewe Mwembu, unanicheka tayari, na una haki. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Mzee Kirimi, mwana wa Mwiti, akapata kijana akamwita Mwiti, jina la baba yake. Mwiti naye akapata kijana akamwita Kirimi. Kirimi wa Mwiti ni babu, na Kirimi wa Mwiti ni mjukuu. Jina linaruka kizazi kimoja na kurudi lilivyo, herufi kwa herufi. Mimi mwenyewe nimebeba jina la mama mzaa baba. Nimekulia katika desturi hiyo, nikanywea uji ndani yake, halafu nikaenda Nairobi siku tano nikaisahau.

Mtoto aliye na ukoma si mgonjwa wa kawaida katika hesabu. Mzee wa miaka sabini anaweza kuwa aliambukizwa zamani sana. Mtoto wa miaka saba ameambukizwa juzi, na aliyemwambukiza alikuwa karibu naye. Mtoto mmoja anakuambia ugonjwa bado unatembea. Nilipomfuta yule, modeli yangu ikatoa mstari mzuri unaoshuka, Meru yote bila mtoto hata mmoja. Mkubwa wetu aliupenda mstari huo mno. Alianza kusema kwamba ziara za nyumbani za manesi zinaweza kusimamishwa.

Na dawa za watoto ziliagizwa kwa orodha yangu. Pakiti za watoto ni tofauti na za watu wazima, dozi yake ni ndogo. Orodha yangu haikuwa na mtoto, basi hakuna aliyeagiza pakiti ya mtoto.

Miezi mitatu ilipita. Asubuhi moja simu ya ofisi ikalia, na alikuwa Sista Gacheri, nesi wa kliniki moja ya Mikinduri.

"Madam Nkatha, muga, habari ya asubuhi. Hizi dawa za Kirimi Mwiti zitakuja lini? Nimeandika barua mbili. Store wananiambia hayuko kwa list."

Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua. "Sista, huyo mzee alimaliza dawa mwaka jana."

"Mzee gani?"

"Kirimi Mwiti. Miaka sabini."

"Madam, mimi niko na mtoto hapa mbele yangu. Anasoma Class Two. Mwalimu amemrudisha kwa sababu hawezi kushika kalamu. Hii kidole yake ya mwisho imeanza kukunjika."

Nilikaa na simu mkononi. Nilimsikia Sista akiniita, "Madam? Madam, uko?" Nilijua wakati ule ule nilichofanya. Niliona ile saba, niliona kidole changu kikiongeza sifuri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nyuma ya aibu, hofu. Mshipa wa fahamu ukiuwahi katika miezi ya kwanza, unaweza kurudi. Ukiuchelewesha, mkono ule hautafungua kifungo cha shati maisha yote. Miezi mitatu ilikuwa imekwisha, na niliyeipoteza ni mimi.

Nilimwendea Njeru nikamwambia lote nikiwa nimesimama. Nilingoja anicheke kama kwa nusu mtu. Hakucheka. Alifungua kabati lake, akatoa pakiti za watoto alizokuwa ameweka akiba kwa ajili ya Mbeere, akachukua na dawa ya kutuliza uvimbe wa mshipa.

"Chukua sweta," akasema. "Tunaenda wote. Wewe ndio utamwambia huyo mzee."

Boma la Mzee Kirimi lilikuwa juu kidogo ya soko, miraa pande zote. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha miguu mitatu. Sista Gacheri alitutangulia, na mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mama yake akiuficha mkono ndani ya sweta ya shule. Njeru alimwita kwa upole, akamshika kiwiko, akabonyeza pembeni ya mfupa. Mtoto akaruka. Mshipa ulikuwa umevimba, unene wa kamba ya viatu.

Mzee alikuwa anatazama uso wa Njeru. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Nilimpa jina, nikampa na hii. Analalaga kwangu tangu aachishwe ziwa. Mkatibu mimi mzee ambaye nimekula chumvi, mkaacha mtoto. Kwa nini?"

Nilimkaribia. "Mzee, kosa si la Sista, wala si la dawa. Ni mimi. Kwa kompyuta niliona majina mawili yako sawa, nikafikiri ni wewe umeandikwa mara mbili. Nikamfuta mjukuu wako."

Akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?"

"Kibirichia."

"Mmeru?"

"Ndiyo, Mzee."

"Unaitwa nani?"

"Nkatha."

"Ulipewa jina la nani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, na mama wa mtoto akaangalia chini. Angenipiga kwa bakora, ningeumia kidogo kuliko hapo.

"Sasa niambie," akasema, "ulinifanya mimi mtoto, ama ulimfanya yeye mzee?"

"Nilimfanya yeye mzee."

"Ungeanza na mimi basi. Mimi ningefurahi."

Njeru ndiye aliyecheka kwanza, halafu Sista, halafu mzee mwenyewe, na mimi nikalia. Mtoto alimeza dozi yake ya kwanza pale pale, mbele yetu sote, akakunja uso kwa uchungu wa kidonge. Kabla hatujaondoka, Njeru aliwapima kwa pamba wote waliolala katika nyumba hizo mbili. Alimwambia mzee kwamba yeye amepona, na mtoto arudi kulala kwake akitaka, maana mzee alikuwa ameanza kumfukuza mtoto akidhani anamwongezea ugonjwa.

Njiani kurudi sikulala. Yale maneno ya mzee, analalaga kwangu tangu aachishwe ziwa, yalikuwa yananizunguka. Vitabu vya modeli nilivyosoma viliandikwa na watu wa mbali, na ndani yake wazee hukaa na wazee, watoto hukaa na watoto. Kwetu sivyo. Mtoto aliyebeba jina la babu ni wa babu. Anakula sahani moja naye, anatumwa ugoro, analala chumba chake. Ukoma unaohitaji ukaribu wa miaka umepata njia hapo, kutoka mzee kwenda mtoto, ukiruka wazazi walio kati.

Nilikaa mwezi mzima nikiandika modeli upya. Nikaunganisha kila mzee na wajina wake. Nikarudisha kila jina nililowahi kulifuta, moja moja, nikipiga simu kliniki kwa kliniki kuuliza, huyu ni babu au mjukuu? Nilipopeleka mstari mpya kwenye mkutano, mkubwa wetu alikunja uso.

"Nkatha, hii line ilikuwa inashuka vizuri sana. Mbona unaipandisha?"

"Si mimi ninayeipandisha, Daktari. Ni mtoto."

Kulikuwa na watu waliotaka nilaumiwe kwa maandishi, na nililaumiwa, barua ninayo. Lakini ziara za nyumbani hazikusimamishwa. Na modeli mpya ilisema jambo moja ambalo nesi yeyote angeweza kulifanya bila kompyuta: ukimaliza kumtibu mzee, muulize wajina wake ni nani, na umpime huyo kwanza. Sista Gacheri alijaribu Mikinduri. Njeru alijaribu Embu na Mbeere, ambako desturi ni ile ile. Walipata watoto wakiwa na baka tu, baka dogo la kifuani au mgongoni, vidole vimenyooka. Baadaye ilipoanza dawa ya kinga, ile dozi moja kwa waliokaa na mgonjwa, hesabu yangu ndiyo iliyosema nani apewe mapema. Watu walikuja kutoka mbali kuniuliza nilipata wapi wazo la wajina. Nilikuwa nawajibu kwamba nililipata kwa kukosea, nao walidhani ni unyenyekevu.

Nyinyi siku hizi mna simu zinazotuma rejista zenyewe na programu zinazotafuta majina yanayofanana kwa kufumba na kufumbua. Vizuri. Mimi nawaambia tu: kabla ya kumfuta mtu, piga simu. Uliza jina la mama yake. Uliza anasoma darasa gani. Usirekebishe umri wa mtu kwa sababu wewe ni fundi. Na ile orodha ya kwanza kabisa, kama ilivyokuja kutoka kliniki, iweke mahali ambapo hata wewe mwenyewe huwezi kuigusa.

Mtoto yule alimaliza dawa zake baada ya mwaka. Siku ya mwisho nilikwenda Mikinduri, sikuitwa na mtu. Nilibeba mstari mpya umechapishwa kwa rangi, nimpe Sista aubandike ukutani, maana kazi ile ilikuwa yake pia. Mzee alikuwepo kwenye benchi, amevaa koti la kanisani.

Sista alitaka kupima nguvu ya kidole. Mtoto anabana karatasi kati ya kidole chake cha mwisho na kile kinachokifuata, nawe unaivuta. Mshipa ukiwa umekufa, karatasi inateleza yenyewe. Akatafuta karatasi mezani, akaona yangu.

"Madam, lete hiyo."

Nikampa. Akaikunja, akaiweka kati ya vidole vya Kirimi mdogo, akaniashiria nivute mimi. Nilivuta taratibu kwa hofu. Haikutoka. Nikavuta tena. Mtoto akauma midomo, akabana, na babu yake akasimama kutoka kwenye benchi.

"Vuta," mzee akaniambia. "Vuta kama mtu amekula."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na mstari wangu ukapasuka katikati. Nusu ilibaki mkononi mwangu. Nusu nyingine Kirimi alikataa kuiachilia.